Mguu Waliouomba kwa Mjomba

Mjomba wa mume wangu aliponinyooshea yule kuku mweupe, miguu imefungwa kamba, akasema, "Tengeneza, wageni iko na njaa," ndipo uvumilivu uliponiishia.

Nilikuwa nimetoka misa, mtoto mgongoni, kitambaa cha kanisani bado kichwani. Uani kwangu walikaa wanaume watatu wa komite ya timu ya mtaa wetu, kwenye viti vyangu. Mume wangu alikuwa pembeni juu ya ndoo iliyopinduliwa, macho chini, kama msichana anayeposwa. Na kweli walikuwa wamekuja kuposa. Kwa desturi ya watu wa mume wangu, Balamba wa upande wa Mokambo, anayetaka binti humpelekea mjomba wa binti kuku mweupe ili kufungua mazungumzo. Kuku akipikwa na kuliwa, maneno yamekubaliwa. Hawa komite walimletea mjomba kuku ili wapewe mguu wa kushoto wa mume wangu kwa msimu mzima. Mimi ndiye nilitakiwa nimchinje, nimnyonyoe, niwapikie na bukari, ugali wetu, juu.

"Kuku ni ya nini?" niliuliza, ingawa nilijua.

"Ya mupira," mjomba akasema.

"Mama, usituulize sawa polisi," prezida wa komite akacheka. Alikuwa mwanaume mnene, mwenye duka dogo la sabuni na chumvi, anayevaa tai hata kwenye jua. "Tunaomba bwana yako kidogo tu. Tutamurudisha."

"Mutamurudisha namna gani? Mara ya mwisho alirudishwa mu kigari ya pusupusu, na mwenye pusupusu alikuwa anauzisha makaa."

Wakacheka wote, hata mume wangu. Mjomba hakucheka.

"Muke ya mutoto wetu," akasema, "hii ni mambo ya banaume. Mutoto ni wetu, mifupa ni yetu. Weye chemusha maji."

Nilimweka kuku chini, nikafungua kamba, nikamsukuma kwa kiatu. Aliruka juu ya bati la uzio, akaanguka kwa jirani, na jirani hakumrudisha mpaka leo.

"Mumukimbilie yeye," nikawaambia. "Yeye iko na magoti mbili mazima."

Kabla watu hawajanidhania, niseme jambo moja. Mimi si adui wa mpira. Nilikulia kwenye kambi ya wafanyakazi wa reli, ambako Jumapili bila mpira ni bukari bila mboga. Kwa masista, nilikosoma hadi mwaka wa tatu wa sekondari, niliwahi kuchapwa viganja kwa kupanda ukuta nikiangalia mechi ya wavulana wa mapadri. Mume wangu nilimwona kwanza uwanjani, si kanisani, hata kama mama yangu husimulia vingine. Alicheza winga ya kushoto kwenye timu ya kampuni moja. Alikuwa na tabia ya kusimama ghafla na mpira, kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha kitu nyumbani. Beki naye husimama kumngoja. Beki akizinduka, mwenzake keshapita, na mpira keshaupeleka mahali ambapo hakuna mtu aliyekuwa anatazama.

Kisha mwili wake ukaanza kudai. Kwanza kifundo cha mguu. Halafu bega, lililovunjika Kipushi kwenye uwanja wa kokoto. Halafu goti la kushoto, na hilo ndilo halikupona. Pia ya goti inahama. Inateleza kwenda nje, mguu unabaki umekunjwa, na mwanaume mzima analia kama mtoto. Nimejifunza kuirudisha mwenyewe: unaunyoosha mguu polepole, huku kiganja kinaisukuma pia irudi ndani, na hapo inasikika kama kifuniko cha sufuria kinapokaa mahali pake. Mara ya kwanza nilitapika baadaye. Mara ya pili nilikuwa na mimba, nikatapika kwa sababu nyingine. Baada ya hapo ikawa kazi ya nyumbani kama kazi nyingine.

Uhuru ulipokuja na wazungu wa kampuni wakakimbia, timu yake ilivunjika. Ilipokusanywa tena walichukua vijana. Yeye walimpa asante na karatasi ya kumwachia aende popote. Alikuwa mchezaji asiye na mwenyewe. Nilimshukuru Mungu, nikadhani tumemaliza.

Lakini timu yetu ya Kenya, mtaa wetu wa Lubumbashi na si ile nchi, ilikuwa na shimo. Nusu ya wachezaji wake wazuri walikuwa watoto wa watu wa Kasai, waliozaliwa hapahapa Lubumbashi, wakisema Swahili yetu ileile. Mnajua yaliyotokea. Katanga ilipojitenga, jirani alianza kumuuliza jirani anatoka wapi, na jibu likawa na hatari. Walikimbilia kambini, kwa askari wa kofia za bluu wa Umoja wa Mataifa, wakalala kwenye vibanda vya magunia na mabati. Baadaye wengi walipakiwa kurudishwa Kasai ambako hawakuwahi kufika. Kipa akaenda, mabeki wawili wakaenda, akaenda na kijana wa winga ya kushoto ambaye mume wangu ndiye aliyemfundisha kusimama vile na mpira. Hakuna aliyesema kwa sauti kwamba tumewafukuza wachezaji wetu wenyewe. Watu walisema tu, "Tunakosa winga ya kushoto." Nilikuwa nasikia hivyo sokoni, nakaza midomo. Mimi mwenyewe ni Muluba wa kaskazini mwa Katanga, na siku zile hata sisi tulikuwa tunapima maneno.

Habari ya kuku aliyeruka ilifika bombani kabla yangu. Asubuhi ya pili nilikuta wanawake na ndoo zao wamegawanyika vikundi viwili, kana kwamba wao ndio komite.

"Umuache acheze, dada," alisema muuza munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, rafiki yangu, mwanamke wa kifua kipana na sauti ya kengele. "Mwanaume akikaa ku nyumba siku ya Mungu, anaenda kunywa lutuku. Unapenda lutuku?"

"Ile goti yake iko sawa mulango ya choo yetu," akadakia mwingine. "Upepo kidogo, inafunguka."

"Lakini kichwa, bamama! Kichwa yake! Aba batoto banakimbia tu sawa mbuzi mu soko. Banahitaji muntu mumoja wa kubaambia simama."

"Bon. Basi muchukue kichwa, mukiweke ku goal."

Tukacheka mpaka ndoo zikamwagika. Lakini nilibeba maji yangu nikifikiri. Muuza munkoyo alisema kweli nusu. Timu ya vijana wanaokimbia bila kufikiri inahitaji mtu mzima mmoja, hilo silikatai. Ila siku zile hakukuwa na kubadilisha mchezaji. Uliyemwingiza ndiye huyohuyo mpaka filimbi ya mwisho. Ukimweka uwanjani mtu ambaye goti lake linaweza kuhama akigeuka kumsalimia mtu, hukuongeza mchezaji. Umekubali kwamba nusu ya pili mtacheza kumi. Nilimwambia prezida maneno hayo nilipopita dukani kwake kununua chumvi. Alinitazama kama nimemsomea Injili kwa Kilatini.

"Mama," akasema, "weye unajua mupira?"

"Najua kuhesabu mpaka kumi na moja," nikamjibu.

Na kulikuwa na jambo zito kuliko mpira. Baba yangu alifanya kazi reli maisha yake yote, na reli ilikuwa inamstaafisha. Ukiacha kazi unaacha na nyumba, ndiyo sheria ya kambi zote za hapa. Baba angeweza kwenda kaskazini, lakini kaskazini kulikuwa kunawaka. Angeweza kwenda kambini kwa kofia za bluu na ndugu zetu wengine, akakataa. Alisema hajafanya kazi miaka yote hiyo ili alale ndani ya gunia. Mume wangu aliponioa alikuwa amemwahidi baba nyumba ya matofali. Kiwanja kilikuwepo Kenya, nyuma ya kwetu. Kila jioni baada ya kazi ya ateliye, kule karakana ya vyuma, mume wangu alikanyaga udongo, akafyatua matofali, akayapanga. Kuta zilikuwa zimefika madirishani. Yalikuwa matofali mabichi ya jua, na kila mtu wa hapa anajua ukuta wa tofali bichi usio na paa unafanywa nini na mvua ya kwanza. Unarudi kuwa udongo, na baba anarudi kuwa mtu asiye na mahali. Mwisho wa kiangazi ulikuwa umefika. Maembe yalianza kuvimba, joto lilibana, mawingu yalikuja mchana yakaenda. Na udongo wa matofali haukanyagwi kwa mguu mmoja.

Nilimfuata mume wangu pale kiwanjani. Alikuwa amekunja suruali, matope mpaka magotini, na ile bandeji yangu imekuwa nyekundu kama udongo wenyewe.

"Baba mutoto," nikamwambia, "mujomba amesema, prezida amesema, bombani banasema. Weye mwenyewe unataka nini?"

Akaendelea kukanyaga.

"Nataka baniite jina," akasema hatimaye. "Ku ateliye bananiita 'weye, leta ufunguo'. Mu njia basoda bananiita 'weye, onyesha karatasi'. Mu uwanja bananiita jina yangu. Bantu mingi, pamoja."

Ni kazi kumkasirikia mtu anayesema kweli. Nilikasirika hivyohivyo.

"Na goti?"

"Goti iko muzuri."

"Nani anasema?"

"Miye."

"Jana ulishuka ku ule ukuta kwa matako, sawa mutoto mudogo. Niliona."

Akacheka, akafuta jasho kwa mkono wa matope, paji la uso likabaki na mstari. "Mechi moja tu, mama. Ya kujaribu. Nikianguka, nimeacha."

"Ukianguka, nani anamaliza hii nyumba?"

Akarudi kukanyaga udongo.

Kumbe jibu lilikuwa limeshatolewa bila yeye. Komite walijifunza: kuku wa pili hawakumleta kwangu. Walimpeleka nyumbani kwa mjomba, ambako mke wa mjomba hana ugomvi na mtu. Alipikwa, akaliwa, mifupa ikatupwa. Prezida akatembea mtaa mzima akitangaza kwamba winga amepatikana, na wenye ukoo wamekubali kwa desturi.

Mechi ya kujaribu ilichezwa Jumapili, na timu ya wafanyakazi wa kiwanda cha jirani. Nilikwenda. Sikwenda kushangilia; nilikwenda kama mtu anavyokwenda kulinda mali yake. Watu walijaa mpaka mstarini, askari wachache wa Katanga wameegemea baiskeli, watoto juu ya miti. Na nitasema ukweli, kwa kuwa sikuja hapa kuandika uongo: alicheza vizuri. Alikuwa mzito, hakukimbia, lakini wale vijana walianza kumtazama yeye kabla ya kutazama mpira. Alisimama mara moja, ile ya zamani, kama aliyesahau kitu nyumbani. Mabeki wawili wakasimama naye. Akaupitisha mpira katikati yao kwa nje ya mguu, kijana wetu mmoja akaukuta mbele ya goli peke yake, na nyavu zikacheza. Uwanja mzima uliita jina lake. Nami niliita. Nilikuwa na mtoto mgongoni, aliamka akaanza kulia, nikaendelea kuita.

Halafu hakuna aliyemgusa. Aligeuka tu kurudi kati. Nikaona mguu umebaki nyuma na mwili umeenda mbele, nikajua. Nilimfungua mtoto, nikamtupia muuza munkoyo, nikaingia uwanjani. Watu walicheka kumwona mwanamke katikati ya mechi. Mmoja alipiga kelele, "Mama anakuja kucheza winga!" Nilipiga magoti kwenye vumbi, nikashika mguu, nikamwambia mume wangu atazame juu. Nikaunyoosha polepole. Nikasukuma. Ikarudi. Alikuwa ameuma mkono wake mwenyewe mpaka alama za meno zikabaki.

Timu yetu ilibaki kumi. Walifungwa mabao mawili.

Prezida alikuja tulipomketisha nje ya mstari. Nilidhani amekuja kuomba samahani. Alikuwa anatabasamu, tai imelowa jasho.

"Asante, mama! Weye ni munganga kabisa! Mumeona ile pasi yake? Sasa umufunge bandeji ya nguvu. Siku ya Mungu inakuya tunaenda Kipushi, na kule tutakuita pia, ukuwe karibu na mustari."

Yaani mimi nami nilikuwa nimesajiliwa.

Wiki ile mume wangu alitembea kwa mpini wa fagio. Kazini walimweka akae asugue vyuma, wakaanza kunong'onezana kama kweli wanamhitaji. Tofali hata moja halikufyatuliwa. Jioni moja nilimwona baba yangu amesimama peke yake kiwanjani. Alikuwa amekata majani makavu na anayapanga juu ya kuta, akiyawekea mawe yasiruke, mzee mwenye mgongo wa reli, anafunika nyumba yake kama mtu anavyofunika chungu.

Mama mkwe alifika siku ya Ijumaa kwa lori kutoka Mokambo, na unga wake na samaki wakavu. Ni mama mfupi, mwenye kucheka kwanza na kuuliza baadaye. Safari hii alipomwona mwanawe na mguu juu ya kigoda hakucheka. Nilimsimulia yote, kuanzia kuku wa kwanza. Kwenye kuku wa pili alinisimamisha.

"Ngoja. Ndugu yangu alikula?"

"Alikula, mama. Na muke wake alipata shingo."

Alipiga makofi, akacheka mpaka akakaa chini, halafu kicheko kikageuka kitu kingine. "Ndugu yangu ni mwizi," akasema. "Amegawa kitu haiko yake."

Sikuelewa. Sisi wa kaskazini ni watu wa baba. Kwa Balamba, mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye mkubwa. Kila mtu Lubumbashi anajua hivyo, na mimi nilijua hivyo tangu nilipoolewa. Ndiyo sababu sikuwa na la kumjibu mjomba zaidi ya kumfungua kuku.

"Iko mukubwa, ndiyo," mama mkwe akasema. "Lakini sikia. Kwetu mwanaume akioa, anatoka mu mikono ya mujomba, anaingia mu kazi ya ukwe. Anafanyia baba ya muke. Analima, anajenga, bile baba ya muke anataka. Mpaka ile kazi iishe, hata mujomba akimutaka kwa siku moja ya kuvuna, anaenda kuomba ruhusa ku bakwe. Anaomba na adabu! Sasa hii nyumba ya baba yako, njo kazi ya ukwe. Imeisha?"

"Haiyaisha. Haina paa."

"Basi. Miguu yake iko ku nyumba ya baba yako, miguu na mikono. Aba bantu ya komite banasikia 'kwa Balamba mujomba njo mukubwa', banakimbia na kuku. Banaposa binti ameshaolewa!"

Komite nzima walikuwa watu wa kaskazini kama mimi, walioona fahari kuheshimu desturi ya wengine, na wakaijua nusu. Hilo ni kosa letu la mjini hapa. Tunaishi ukuta kwa ukuta na makabila kumi, na kila mmoja anaijua desturi ya jirani kwa sentensi moja.

"Mama, mbona hukusema mbele?"

"Nani aliniuliza?" akasema. "Na weye, nani alikuuliza? Twende."

Kwanza tulipita kwa baba. Alisikiliza amekaa kwenye kizingiti cha nyumba ya reli ambayo ilikuwa inamtoka. Alisema mpira ni mpira na vijana wana njaa ya furaha. Kisha akatazama kwenye mawingu, akasema, "Enda. Sema kwa kinywa changu."

Tribunali ya komini, mahakama ya mtaa ambako mambo ya ndoa na desturi yanahukumiwa, ilifunguliwa Jumatatu. Jumapili ya Kipushi walikuwa wameisogeza mbele kwa sababu ya vizuizi vya askari barabarani. Karani alikuwa kijana mwenye beji ya misalaba ya shaba ya Katanga kifuani na kalamu nyuma ya sikio. Kwenye benchi walikaa wanaume wanaosubiri kesi zao. Mama mkwe alikaa nao, mtoto mapajani.

"Unashitaki bwana?" karani akauliza bila kuinua macho.

"Hapana. Nashitaki ekipe ya mupira."

Akainua. "Ilikupiga?"

"Ilininyang'anya."

"Kitu gani?"

"Mguu ya kushoto."

Benchi nzima ikacheka. Mmoja akasema, "Mais mama, weye unasimama na yote mbili!" Karani akaitoa kalamu sikioni, akaiweka chini.

"Affaire ya mupira banapeleka ku ligi."

"Affaire ya mupira, ndiyo. Hii ni affaire ya nyumba na ukwe."

Akanitazama vizuri, kitambaa, viatu, uso. Kisha likaja lile swali la siku zile. "Unatoka wapi, weye?"

Niliona mama mkwe anamshika mtoto kwa nguvu. Nilijua nikijibu vibaya naweza kuondoka pale na askari wawili nyuma yangu. "Natoka Kenya, nyuma ya soko," nikasema. "Nilizaliwa mu kambi ya reli. Nimebatizwa hapa, nimeolewa hapa. Na hii malalamiko ni ya baba yangu, amenituma niseme."

"Unajua kuandika? Miye sina wakati ya kuandika hadisi."

"Nipe karatasi."

Alinipa moja, kwa kejeli, na kalamu iliyokuwa inachuruza wino. Nadhani alingoja niiharibu. Niliandika nimesimama kwenye kona ya meza yake, watu wa benchi wakinyoosha shingo, na nilipomaliza aliisoma mara mbili, midomo ikicheza, kisha akaigonga muhuri. Haya ndiyo niliyoandika. Nimetoa majina, mengine ni yaleyale.

"Kwa Waheshimiwa Waamuzi wa Tribunali ya Komini ya Kenya.

Mimi mwanamke mwenye kuandika hapa, mke halali wa ndoa ya kanisa na ya desturi, kwa kinywa cha baba yangu mzazi, mstaafu wa reli, nalalamika juu ya komite ya timu ya mpira ya mtaa wetu, na juu ya mjomba wa mume wangu.

Nalalamika kwamba komite walimwomba mume wangu kwa msimu mzima bila kumuuliza baba yangu, ambaye kwa desturi ya Balamba ndiye mwenye kazi ya mume wangu mpaka nyumba aliyoahidi iishe. Nyumba hiyo haina paa. Waamuzi wanaweza kwenda kuiona kwa miguu, si mbali. Nalalamika kwamba mjomba alipokea na kula kwa jambo ambalo halikuwa lake kulipokea, na dada yake mwenyewe, mama wa mume wangu, yupo hapa kulisema hilo mbele yenu. Nalalamika pia kwamba mimi mwenyewe nilipangiwa kazi ya uganga kwenye safari ya Kipushi, na hakuna mtu aliyeniletea hata yai.

Mume wangu ni mchezaji mzuri. Siandiki kumdharau. Lakini timu inayomweka uwanjani inajidanganya, kwa kuwa goti lake halifiki mwisho wa mechi, na wakati huo timu inabaki kumi, na nyumba yangu inabaki bila mtu. Kama wanataka akili yake, wamchukue awe mwalimu wa vijana, akae nje ya mstari, awaite na wamwite, na jina lake litajwe mbele ya watu kila Jumapili. Hilo sitalikataza, na baba yangu amekubali.

Naomba tribunali iseme kwamba makubaliano ya mjomba na komite ni bure. Naomba mume wangu asivae viatu vya mpira mpaka paa liwekwe. Na kwa kuwa wiki ya kazi imepotea kwa ajili yao na mvua haingoji hukumu, naomba wachezaji wote wa timu, pamoja na prezida, waletwe kiwanjani kwa baba yangu kukanyaga udongo mahali pa mume wangu, mpaka kuta zifike juu.

Kama komite watasema kwamba goti lake ni zima na mimi ni mwanamke mwenye kelele, sitabishana nao. Naomba waamuzi wamwite mume wangu mbele yao, wamwambie achutame sakafuni, kisha asimame bila kushika kitu. Akisimama, nitaichana karatasi hii kwa mkono wangu na kuwapikia komite mwenyewe. Asiposimama, naomba waandike hukumu siku hiyohiyo, kabla hajaondoka mlangoni."